Kitabu Kimoja cha Nchi Nne

Mzee Gundi alikuwa na neno moja tu kuhusu vitabu vya wasafiri, na alilisema bila kuombwa: havikushonwa. Vimebandikwa gundi mgongoni, vikavishwa jalada la kung'aa lenye picha ya mlima, halafu vikauzwa kwa watu watakaovikunja, watakaovikalia na kuvitia mfuko mmoja na chupa ya maji. "Kitabu cha kukaa kabatini kinashonwa," alisema, "na kitabu cha kutembea na mtu kinabandikwa. Hapo pana akili?" Na aliyesema hayo ndiye mtu ambaye mtaa mzima ulimwita Gundi, kwa sababu vidole vyake havijawahi kutakata tangu ujana. Yeye hakuona cha kuchekesha.

Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Karakana yake ilikuwa chini, chumba kimoja chenye dirisha pana la kioo lililotazama barabara, na makazi yalikuwa juu yake. Huko juu aliishi na binti yake wa pekee, pamoja na dada yake, ambaye wote walimwita Shangazi, hata wateja. Shangazi alihamia hapo "kwa wiki mbili" binti alipokuwa na miaka sita, na hadi leo hajapata nafasi ya kufunga mizigo. Binti waliyemlea kwa pamoja walimwona ameshakuwa mtu mzima kabla hawajazoea. Jina la nyumbani lilikuwa Mboni. Baba yake alimwita hivyo tangu mchanga, kwa kuwa ndiye mboni ya jicho lake. Kisha mtoto akakua, akasomea kupima macho, akaajiriwa duka la miwani, na watu wakadhani mzee alipanga.

Sasa Mboni alikuwa anasafiri. Likizo yote, nchi nne, kwa mabasi na treni, yeye na mwenzake wa kazini, mtengenezaji wa lenzi ambaye alikuwa akiota kuona makaburi ya wafalme wa kale. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa kitabu cha kuwaongoza, na hapo ndipo nyumba ilipogeuka baraza.

Muuza vitabu wa barabara kuu alikuwa rafiki wa Mzee Gundi wa siku nyingi, na aliwaazima vitabu kwa mafungu. "Vitazameni," alisema. "Mkikidondoshea chai, mmekinunua." Basi kila jioni meza ya chakula ilijaa nchi za watu. Kulikuwa na kitabu kikubwa cha ukanda mzima, nchi zote nne na nyingine tano zisizohitajika, kizito cha kuvunjia karanga. Kulikuwa na vyembamba vya nchi moja moja. Kulikuwa na kimoja kizuri ajabu, kila ukurasa picha, ila ukitaka kujua basi linaondoka saa ngapi unapewa picha ya basi.

"Hiki," alisema Shangazi, akikishika hicho cha picha. "Mtu anakula kwa macho kwanza."

"Hakina ramani, Shangazi."

"Ramani ya nini? Mdomo huna?" Kisha akafungua kile kikubwa na kusoma habari za nyumba za kulala wageni, midomo ikienda. "Hapa anasema vitanda ni safi. Amelala lini? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Mzee Gundi alikuwa na furaha ambayo hakuipata siku nyingi. Binti wa umri ule hamwulizi baba yake mambo mengi. Anamwuliza kama amekula, kama amemeza dawa ya presha, basi. Lakini sasa alikuwa akimwekea kitabu mbele na kusema, "Baba, hiki unakionaje?" Naye alikipindua, akakifungua katikati, akatega sikio kusikia mgongo unavyolia, na kutoa hukumu. Hiki kitaachia kurasa kwenye mpaka wa kwanza wa nchi. Hiki karatasi yake ni nyepesi, itabebeka. Hakujali kwamba binti hakuwa akiuliza habari za mgongo.

Aliona jambo moja lakini hakulitilia maanani. Mboni, kabla ya picha na ramani na bei, alikuwa akifungua kitabu mwishoni, kwenye faharasa ya majina ya miji. Kidole kilishuka safu, kikasimama, na kitabu kikafungwa. Kisha ndipo kilipopatikana kuwa kizito, au ghali, au cha zamani. Kile kizuri cha picha kilikataliwa namna hiyo. Vyembamba viwili pia. Mzee akajisemea kwamba mtoto ana makini, amefuata upande wa baba.

Mwishowe Mboni akachagua viwili vya kununua. Kimoja ni kile kikubwa cha ukanda. Cha pili kilikuwa kitabu cha nchi ya tatu peke yake, kibaya cha sura, cha rangi ya matope, kilichoandikwa na mtu aliyeonekana kupanda kila treni ya nchi ile na kulalamikia zote.

"Sasa viwili vya nini?" aliuliza Shangazi. "Unakwenda kutembea au kuhamisha maktaba?"

Mboni akamgeukia baba yake. "Nilikuwa nafikiri, Baba. Tuchukue kurasa ninazozihitaji hapa na hapa, zilizobaki tuziache, halafu unijalidie kitabu kimoja. Nchi nne, kwa mpangilio wa safari yangu."

Ungemwona Mzee Gundi wakati huo ungedhani ameombwa ajalidi msahafu wa mfalme. Akainuka, akakaa, akainuka tena. Alisema itakuwa kazi, kwa sauti ya mtu anayeogopa kazi hiyo isije ikapewa mwingine.

Mboni alivipitia vitabu vyote viwili kwa siku kadhaa, akichomeka vipande vya karatasi ya njano kwenye kurasa za kubaki, kisha akavishusha karakana na kwenda kazini. Mzee alikuwa ndio kwanza ananoa kisu cha kukatia alipoingia muuza vitabu, akiwa amebeba kamusi iliyovunjika mgongo. Akaviona vitabu mezani, akacheka.

"Kumbe ndicho alichochukua, hicho cha rangi ya tope. Binti yako amenitoa jasho, Mzee Gundi. Kila kitabu ninachompa, anafungua nyuma kutafuta mji mmoja. Nikampa hiki, nikampa kile, haumo. Nikamwambia, mama, mji huo hauna kitu, watalii hawaendi. Akasema ndio, lakini anautaka. Hicho kibovu ndicho pekee kilichouandika."

"Mji gani?" aliuliza Mzee Gundi, akiendelea kunoa.

Muuza vitabu akautaja, akaweka kamusi yake mezani na kwenda zake. Hakujua ametaja nini. Angejuaje, wakati jina hilo lilikuwa halijatamkwa katika nyumba ile kwa karibu miaka ishirini? Walipolazimika kuutaja mji ule, walisema "huko", na hata hiyo "huko" ilisemwa kwa kugeuza uso.

Huko ndiko alikokwenda mama yake Mboni. Hakutoroka usiku wala hakufukuzwa. Alisema mchana kweupe kwamba ameshindwa kuishi na mtu anayezungumza na vitabu tu, akambusu mtoto, akachukua sanduku moja. Baadaye zikaja habari kwamba ameolewa na fundi wa reli katika nchi ya watu. Miaka ya mwanzo alileta salamu kupitia wafanyakazi wa treni. Mtu alifika na kofia mkononi, akasema nimetumwa niulize mtoto hajambo. Mzee Gundi alijibu hajambo, akafunga mlango. Salamu zikapungua, zikakoma. Mtoto alipouliza, aliambiwa mama yuko mbali, na mtoto mwenye akili akaacha kuuliza.

Mzee akaketi. Akatafuta ukurasa ulipochomekwa karatasi ya njano, akausoma mji wenyewe. Ulipewa upande mmoja wa karatasi tu. Stesheni, njia panda ya reli, soko dogo, nyumba moja ya wageni yenye godoro gumu na maji ya moto asubuhi. Mwandishi alimalizia kwamba msafiri hana sababu ya kulala hapo isipokuwa amekosa treni.

Alihisi hofu, na hofu yake haikuwa ya ujambazi wala ya ajali za barabarani. Aliogopa kwamba mtoto atashuka stesheni ile, atafunguliwa mlango na mwanamke mwenye uso kama wake, na katika saa moja ataambiwa yote ambayo baba hakuyasema. Aliogopa atarudi akiwa mgeni. Yeye ndiye aliyemsuka nywele asubuhi za shule, vibaya, akachekwa. Yeye aliyekaa naye homa ilipompanda. Sasa mtu aliyeleta salamu chache ndiye atafutwe kwenye faharasa? Uchungu huo haukuwa na haki sana, naye alijua, lakini uchungu hauombi ruhusa.

Akachukua kisu, akaikata karatasi ile, akaitia kwenye droo.

Lakini karatasi ina nyuso mbili, na mtu anayelijua hilo kuliko wote katika mji mzima ni mjalidi. Nyuma ya mji ule palikuwa na mwanzo wa habari za mji mkubwa uliofuata, ule wa makaburi ya wafalme. Ukiitoa karatasi, makaburi yanaanzia katikati ya sentensi. Mzee aliliona. Akajiambia vitabu vyenyewe hivi vimechapwa ovyo, atadhani ni kosa la kiwanda. Ukitaka kujidanganya, hukosi msaidizi.

Kisha akajalidi, na tuseme haki, hakuwahi kujalidi vizuri kuliko hivyo. Alizipanga kurasa kwa njia ya safari, akazitoboa pembeni, akazishona kwa uzi uliopakwa nta, akavisha jalada la kitambaa cha buluu kisichoshika uchafu na kulainisha pembe ili zisichome mfukoni. Kila mshono ulikazwa kwa mkono wa mtu anayeomba radhi.

Alimpa Ijumaa jioni, mezani, mbele ya Shangazi. Mboni alikipokea kwa mikono miwili. Hakufungua mwanzo wala mwisho. Alikifungua kama alivyofundishwa tangu utoto, kwanza robo, kisha katikati, kisha robo tatu, akikizoesha mgongo wake. Kidole gumba kikapita kwenye ukingo wa kurasa za nchi ya tatu, kikarudi, kikapita tena. Akafungua hapo. Akasoma mstari wa juu, ule ulioanza bila mwanzo.

Mtoto wa mjalidi huwezi kumwambia kiwanda kimekosea.

Aliutazama ukurasa ule kwa muda, halafu akamtazama baba yake, na macho yake hayakuwa na hasira. Yalikuwa na huruma, na hiyo ndiyo iliyomchoma mzee. "Asante, Baba," alisema. "Kimekaa vizuri sana." Akakusanya vikombe, akaenda kuviosha. Kutoka jikoni akasema, kama jambo la kupita tu, kwamba huenda nchi ya tatu wakaipita kwa basi la moja kwa moja mpaka kwenye makaburi, maana treni zake zinachelewa.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mshindo wa kimya hiki ulimwangukia mtu mmoja tu. Shangazi alisubiri mlango wa chumba cha Mboni ufungwe, akavuta kiti.

"Umekata nini?"

Mzee akamwambia. Alitegemea kukemewa. Dada yake alikuwa na mdomo wa wembe, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anautaka.

"Umefanya vizuri," alisema Shangazi. "Vizuri kabisa. Yule mwanamke hana lake hapa. Alitupa jongoo na mti wake, sasa aletewe mtoto aliyelelewa na wengine, kakua, kasoma, kapendeza? Mwache mtoto amsahau. Mimi najilaumu kwa kuropoka jina la mji ule siku ile nimekasirika, na mtoto yuko nyuma ya mlango, ana miaka tisa. Miaka yote hii kumbe alilishika. Umefanya vizuri, kaka yangu."

Mzee Gundi alimsikiliza mpaka mwisho. Ajabu ya jambo baya ni kwamba ukilitenda mwenyewe linakuwa na sababu zake, lakini ukisifiwa nalo unaliona lilivyo. Alimpenda dada yake; alimlelea mtoto, hatasahau. Lakini alisikia katika sauti ile chuki iliyotunzwa vizuri, na akaelewa kwamba ndiyo aliyoishona ndani ya kitabu cha buluu na kumkabidhi mwanawe. Na mwanawe alikuwa ameipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akabadilisha safari yake yote asimwumize baba. Miaka tisa, nyuma ya mlango. Tangu hapo alikuwa amelibeba jina lile peke yake ndani ya nyumba ya watu watatu.

"Sikufanya vizuri," alisema.

"Kaka."

"Sikufanya vizuri, dada. Tuishie hapo."

Asubuhi, kabla ya kufungua karakana, alisimama chini ya ngazi na kumwita Mboni ashuke na kitabu chake. Alishuka akiwa na nguo za kusafishia nyumba, kitambaa kichwani. Mzee alikuwa ametandika meza. Juu yake palikuwa na sindano, uzi, nta, mkasi mdogo, na karatasi moja pembeni.

Mboni aliitambua karatasi kabla hajafika mezani. Akakaa kwenye stuli aliyokuwa akikalia alipokuwa mtoto.

"Nipe," alisema Mzee Gundi, akachukua kitabu na kuingiza mkasi chini ya kitambaa cha buluu.

"Baba, usikivunje. Ibandike tu karatasi hapo kwa gundi. Haitaonekana."

"Itadondoka."

"Haidhuru, nitaishika."

"Nimesema itadondoka." Akaliondoa jalada, akaanza kukata uzi, mshono kwa mshono, ile kazi nzuri ya wiki nzima. Watu wa ufundi ule watakwambia kwamba kukata mshono wako mwenyewe ni kama kumeza dawa chungu mbele za watu. Alikata yote. Kurasa zikalala mezani zimeachana, nchi nne zimetawanyika, naye akaiweka karatasi ile mahali pake, kati ya milima na makaburi.

"Ungeweza kutafuta kwenye simu," alisema, akitia uzi sindanoni na kukosa tundu. "Usingehitaji kupitia kwangu."

Mboni akamchukulia sindano, akautia uzi, akamrudishia. "Nilitafuta. Simu ilinipa doa kwenye ramani. Nilitaka mtu aliyefika huko aniambie kukoje. Kama kuna mahali pa kulala, nikifika na asinikaribishe." "Sikutaka ujue, Baba. Nilifikiri ukizishona kurasa mwenyewe bila kujua, itakuwa kama nimekuaga. Ni ujinga, najua."

"Si ujinga."

"Hasira huna?"

"Ninayo," alisema mzee. "Lakini si yako wewe. Na ninaogopa. Ninaogopa usije ukarudi ukiwa wa kwake."

Alikuwa hajawahi kusema kitu kama hicho kwa mtu yeyote, na sauti ilimtoka nyembamba, kama si yake. Mboni alishika mkono wake, ule wenye gundi ya miaka yote, na kuukalisha juu ya kurasa zisipeperuke.

"Mimi nina miaka ishirini na saba," alisema. "Nitarudi wa nani tena? Nataka kumwona tu. Nataka kujua kama na yeye hufunga jicho moja akisoma."

"Hufunga," alisema Mzee Gundi. "La kushoto."

Walishona pamoja. Yeye alitoboa, binti akakaza uzi. Juu walisikia viatu vya Shangazi vikienda na kurudi, vikisimama karibu na ngazi, vikiondoka tena bila kushuka. Mzee aliongea huku macho yakiwa kwenye kazi, maana hivyo ndivyo alivyoweza. Alisema mume wa mama yake alikuwa fundi wa njia ya reli, kwa hiyo aulizie nyumba za wafanyakazi wa reli, asipoteze muda sokoni. Alisema asifike mchana wa jua kali watu wamelala. Alisema watu waliwahi kuja na salamu zake, si mmoja si wawili, na yeye aliwafungia mlango. Hilo alijue kabla hajafika huko, asije akaambiwa na mwingine.

Mboni aliacha kukaza uzi. Machozi yalimtoka, na baba yake hakujitetea. Kisha akajifuta kwa ncha ya kitambaa cha kichwani na kuushika uzi tena.

Jalada lilipokaa sawa, Mzee Gundi akakitia kitabu kwenye kibano kikauke, akazungusha mkono wa chuma mpaka ukagoma.

"Nilikuwa nimepanga cha kusema mlangoni," alisema Mboni. "Nitasema nilikuwa napita tu njia, treni ikachelewa."

"Usiseme hivyo. Mzazi haambiwi na mtoto wake kwamba alikuwa anapita njia." Mzee alikuwa bado amempa mgongo. "Mwambie umetumwa. Mwambie, baba amenituma nije nikuamkie."

"Lakini hukunituma, Baba."

"Nakutuma sasa."